Bárður Funguo na Karakana ya Mzee Hanus

Kijiwe cha Skálatoft ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la Marjun, pale feri inapofunga kamba, upande ambao upepo wa kaskazini haufiki. Hapo hukaa watu wale wale. Yupo Sámal Injini, fundi wa meli mstaafu, ambaye kelele za chini ya meli zilimharibia masikio mpaka hata siri huitoa kwa sauti ya kuita ng'ambo. Yupo Tummas, anayeitwa Rais kwa sababu hajawahi kushika cheo chochote maishani lakini ana dawa ya kila tatizo la Visiwa vya Faroe, na la Denmark muda ukibaki. Yupo Marjun Redio mwenyewe, anayetoka dukani na chupa ya kahawa mkono mmoja na habari mkono mwingine, vyote vya moto. Na yupo Bárður Funguo. Huyu ni dereva wa basi la Nesvík, kijiji cha ng'ambo ya kilima, mkuu wa zimamoto, mwalimu wa kwaya ya kanisa, mkata manyoya wa kondoo wa nusu ya kijiji, na ndiye anayetoa utenzi ukumbini watu wanaposhikana mikono kucheza ngoma ya mduara. Funguo za kazi zote hizo zinaning'inia kiunoni mwake. Tangu aanze kukaa pale hajawahi kukalia benchi kwa makalio yote mawili. Hukaa pembeni, mguu mmoja uko nje, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Jumanne moja ya Oktoba, kondoo wote wameshateremshwa kutoka milimani na mvua imepumzika kidogo, Bárður alifika mapema, akapokea kikombe chake, akasema bila salamu:

— Mzee Hanus anataka kunipa karakana.

Sámal Injini alikuwa anakata nyama kavu ya kondoo kwa kisu chake cha mfukoni. Kisu kikasimama.

— Anataka kukupa nini?

— Karakana, Mzee. Ya boti. Randa zake, mbao zake, benchi la kazi, kila kitu.

— Hanus wa Nesvík?

— Kuna Hanus mwingine anayejenga boti?

Hakuna. Siku hizi hata katika kisiwa kizima hakuna mwingine anayejenga boti za mbao za kupiga kasia kama zile za zamani, mbao juu ya mbao, pua imeinuka mbele na nyuma. Hanus alikuwa amezijenga tangu ujana wake, na hakufanya kingine. Sasa mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

— Hongera! Rais alisema, akimpiga Bárður begani. Haya, sasa utakuwa na ufunguo mwingine. Utahitaji mkanda mpya.

— Hapana, Bárður alisema. Amesema nikiuchukua huo, hizi nyingine zote nizitoe.

Marjun, aliyekuwa anamimina kahawa, akamimina nje ya kikombe.

— Yote? Unamaanisha basi?

— Basi.

— Na zimamoto?

— Na kwaya, na kondoo, na ngoma. Yote. Anasema ubao haupendi mtu mwenye haraka. Unakumbuka ile boti ya mwaka juzi? Tulikuwa tumekunja ubao, bado tunaugongea misumari, king'ora kikalia. Nikakimbia. Kumbe ni mama Elspa ameunguza mkate. Niliporudi ubao ulikuwa umepasuka kutoka hapa mpaka kule. Mzee hakunigombeza. Alikaa tu juu ya ndoo akauangalia.

— Na jibu anataka lini? Rais aliuliza.

— Wiki hii. Kuna watu kutoka nje wanaitaka ile karakana waigeuze nyumba ya likizo. Vitanda juu, jiko chini. Wanaipenda kwa sababu inanuka lami ya boti.

— Watapiga dawa ya harufu wiki ya kwanza, alisema Sámal.

Harufu ile Bárður aliijua. Kila Jumamosi ya baridi alipopata nafasi, na nafasi zilikuwa chache, alivuka kilima kwenda Nesvík, akasimama mlangoni mwa karakana kidogo kabla hajabisha, ile lami na zile mbao mbichi vikamwingia kifuani. Saa mbili, tatu, halafu simu inaita. Hakuwahi hata mara moja kuanza siku na randa mkononi na kuimaliza siku hiyohiyo na randa ile ile mkononi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na alitamani siku ya namna hiyo kama mwingine anavyotamani kwenda nchi za jua.

— Chukua! Sámal Injini alipiga kelele, mpaka ndege wa baharini waliokuwa juu ya paa wakaruka. Unasubiri nini? Mtu ni kama meli. Meli ina injini moja, inasukuma upande mmoja, inafika. Wewe, Bárður, una rafadha tano za kusukuma maji, kila moja inazunguka upande wake. Ndiyo maana unatoa povu jingi na hatukuoni ukisogea.

— Lakini, Mzee Injini, Rais aliingilia, zipo meli zenye injini mbili. Feri yenyewe hii ina mbili.

— Zinasukuma upande gani?

— Upande... mmoja.

— Basi funga mdomo.

Rais hakuwahi kufunga mdomo kwa kuambiwa. Akavuta pumzi, akaweka kikombe chini, na wote wakajua nadharia inakuja.

— Nisikilizeni. Tatizo letu ni kwamba tuko wachache. Ukitoa watoto, wagonjwa, na wale waliokwenda Copenhagen kusoma wakasahau kurudi, tunabaki wa kujaza kiganja kimoja. Lakini nchi ni nchi. Inataka waziri, inataka golikipa, inataka kinyozi, inataka mtu wa kupiga kinanda kanisani. Wenzetu wa huko bara wana watu wengi, wanagawana: huyu kinyozi, yule golikipa. Sisi mtu anatoka kinyozi anaingia golini na mkasi bado uko mfukoni! Kwa hiyo Mungu alipotuumba alituongezea roho. Mtu wa huku ana roho nne, tano. Ukihesabu roho badala ya vichwa, sisi ni taifa kubwa kuliko Denmark.

— Wewe roho zako nyingine ziko wapi? Marjun aliuliza. Maana hata hiyo moja hatujaiona ikifanya kazi.

— Zimepumzika. Lakini sikieni hili. Binamu yangu Jákup, yule wa Copenhagen, amekagua lifti maisha yake yote. Lifti tu. Anaingia, anapanda, anashuka, anatia sahihi. Alipokuja likizo hapa nikampeleka tutembee kule uwandani. Alishindwa! Nakwambia alisimama katikati ya majani akaanza kukunja na kunyoosha magoti, juu chini, juu chini. Mwili ulikuwa umesahau kwenda mbele. Ikabidi tumrudishe kwa toroli.

— Muongo wewe!

— Muulize mke wake. Wanaishi ghorofa ya chini, lakini kila siku lazima apande juu kwa lifti kwanza ndiyo apate usingizi. Na miaka si mingi watu kama hao watazaliwa hawana miguu, wana vitufe kifuani.

Bárður alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mwimbaji, na kwa kitambo kidogo akasahau. Kisha simu ikaita mfukoni mwake. Akasikiliza.

— Ndiyo... Kondoo dume? Wa nani?... Ana alama ya buluu sikioni? Huyo ni wa Eyðun. Msimkimbize, atavunja uzio. Mwekeeni mkate mlangoni mwa bustani, halafu mpigieni Eyðun... Haya. Hapana, hakuna shida.

Akarudisha simu mfukoni.

— Dume limeingia shule ya chekechea, alieleza.

— Unaona! alisema Sámal.

— Unaona! alisema Marjun, kwa maana nyingine kabisa. Akaketi kwenye kreti la maziwa, akamwelekea Bárður. Hebu nikuambie mimi. Hawa wanaongea injini na roho. Mimi naona duka. Kijiji kikipoteza mtu mmoja, mimi najua, mkate mmoja unabaki jioni. Wewe ukienda Nesvík kujifungia na mbao zako, hatupotezi mtu mmoja. Tunapoteza watu watano kwa siku moja. Dereva kaondoka, mwalimu wa kwaya kaondoka, mtu wa zimamoto kaondoka. Hata ile homa ya zamani iliyoua watu hapa haikuondoa watu watano kwa siku moja.

— Atapatikana mwingine, Dada Marjun.

— Nani? Rais aendeshe basi?

Wote wakamwangalia Rais. Rais akaangalia bahari.

— Mimi siumwi macho sana, alisema polepole. Ni usiku tu. Na kona.

— Na mkeo je? Marjun aliendelea. Sólrun anasemaje?

Bárður akazungusha kikombe. Hilo alikuwa amelibeba tangu jana jioni. Alimweleza Sólrun wakiwa jikoni, mkewe akiwa anafunga soksi za watoto mbili mbili. Alitegemea amuulize maswali. Sólrun hakugeuka.

— Amesema nifanye. Amesema, mimi nimeshazoea kulala na mtu ambaye hayupo, angalau sasa nitajua yuko wapi.

Sámal akakata kipande cha nyama, akampa Bárður kwa ncha ya kisu, na huo ulikuwa upole mkubwa kutoka kwake.

— Na wewe, Mzee Injini? Bárður aliuliza. Ulifanya kitu kimoja. Haikuwahi kukusumbua?

— Mimi? Sámal alitafuna kwanza. Nimefika Santos, kule nchi za jua. Nimefika Murmansk, kule kwenye barafu. Ukiniuliza Santos ikoje nitakuambia kuna joto na kelele. Ukiniuliza Murmansk, joto na kelele. Sikupanda juu kutoka kwenye injini. Wenzangu walileta kasuku na picha, mimi nilileta mafuta kwenye kucha. Sasa wewe unadhani nitakuambia ninajuta.

— Hujuti?

— Ile injini ilikuwa inanijua, bwana. Ikikohoa, mimi ndiye nilikuwa naamka, si nahodha. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kwake yeye, yaani sauti ya kawaida ya watu wengine. Lakini wiki iliyopita kwenye televisheni walionyesha Santos. Kuna mlima. Mji mzima uko chini ya mlima mkubwa wa kijani. Nilikuwa sijui kama kuna mlima.

Hapo ndipo gari dogo jekundu lilipokuja kusimama mbele ya duka. Mlango ukafunguka, mpwa wa Mzee Hanus akamshusha mjomba wake taratibu, akasema anakwenda bandari nyingine na mjomba atarudi na basi. Gari likaondoka. Mzee Hanus akabaki amesimama katika sweta yake yenye madoa ya lami, akiwaangalia wote kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Alikuwa hajawahi kuonekana kijiweni pale. Wala kijiwe cha Nesvík, maana Nesvík hakuna kijiwe.

— Karibu, Mzee, karibu ukae! Marjun aliruka. Rais, sogea! Kahawa?

— Ikiwepo.

Wakajibana. Hanus akakaa kati ya Sámal na Bárður, akakishika kikombe kwa mikono miwili, na bado kahawa ilikuwa inacheza ndani. Bárður akaangalia pembeni kwa heshima.

— Umekuja kuchukua jibu, alisema.

— Nimekuja kunywa kahawa, Hanus alisema. Endeleeni. Mlikuwa mnazungumza nini?

Rais, ambaye kimya kilimwasha mwili, akasema:

— Tulikuwa tunazungumza habari zako, Mzee. Wewe ndiye shahidi. Kitu kimoja maisha yote. Hebu tuambie, una furaha?

— Tummas! Marjun alimfokea.

— Mwache, alisema Hanus. Hilo ndilo mnaloulizana hapa kila siku?

— Siku nyingine tunaulizana bei ya mafuta.

Mzee akanywa kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye boti zilizofungwa gatini, na mbili kati ya hizo zilikuwa kazi ya mikono yake.

— Nyinyi hamjui kwamba mimi nilikuwa natoa utenzi, alisema.

Walikuwa hawajui. Hata Sámal, wa rika lake, alikuwa baharini miaka hiyo.

— Nesvík tulikuwa na ngoma yetu. Ukumbi ulikuwa pale walipoweka tangi la maji. Watu walikuwa wanavuka kilima kutoka huku kuja kwetu, siyo kama sasa, sisi tunakuja kwenu kumfuata huyu. Akamwonyesha Bárður kwa kidevu. Mimi nilikuwa nasimama katikati ya mduara, naanza, wao wanaitika. Utenzi mmoja unakwenda mpaka sakafu inapata joto. Nilikuwa nazo nyingi kichwani, za baba yangu na za mama yake. Halafu ikatokea boti ya watu wa kusini, inatakiwa kabla ya Kwaresima, nikakosa ngoma mwaka ule. Mwaka uliofuata boti nyingine. Mwaka wa tatu hawakuja hata kuniita, waliona wananisumbua. Na pasipo mtu wa kuanza, hakuna wa kuitika.

— Ukumbi ukafungwa, alisema Marjun polepole. Mama aliwahi kunisimulia. Hakusema kwa nini.

— Majuzi nilikuwa naosha kikombe. Nikajaribu ule wa binti aliyesubiri kisimani. Ubeti wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja. Wa tatu, nikasimama na kikombe mkononi kama mtu aliyerudi kwao akakuta nyumba imeondolewa. Nikajaribu kwa miguu. Wakati mwingine miguu inakumbuka. Wapi!

Bárður alikuwa anaujua utenzi huo. Ubeti wa tatu ulikuwa tayari kwenye ulimi wake, na wa nne, na wa hamsini. Aliumeza. Hakujua kama kumpa mzee ule ubeti mbele ya watu kungekuwa zawadi au kofi.

— Kwa hiyo unajuta, alisema Rais.

— Nimesema najuta? Boti zangu zile pale, zinaelea. Nazitamani tenzi zangu, basi. Hivyo ni vitu viwili, Tummas.

— Na mimi, Mzee, Bárður alisema. Ngoma nayo niiache? Hata ngoma?

Hanus hakumwangalia.

— Nikikuachia hiyo moja, kesho utaniingizia zimamoto kwa mlango wa nyuma.

Benchi zima likacheka, na Bárður akacheka nao, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa benchi kama mtu aliye ndani ya kitu kinachoyumba. Sámal akaanza tena habari za rafadha. Rais akapendekeza wamkate Bárður vipande kwa siku za wiki, Jumatatu mpaka Jumatano wa Nesvík, Alhamisi wa kwaya, na moto uombwe kutokea Ijumaa. Marjun akasema kama ni kukatana yeye anataka upande wenye sauti. Rais akaona wazo lake limepokelewa akalipandisha: serikali ipige marufuku mtu kuwa na kazi mbili, na kila atakayekutwa na ya pili aipeleke Tórshavn, mji mkuu, ikagawiwe kwa wasio na hata moja.

— Utapata nini wewe? Sámal alimuuliza.

— Mimi nitaomba ubalozi.

Wakati huo mwanamke kijana alikuwa ameshasimama karibu yao na begi lake la mgongoni, akisubiri pa kuingilia. Ni Beinta, mwalimu mpya wa shule, aliyehamia wiki ileile kutoka Tórshavn.

— Samahanini, alisema. Basi la Nesvík linaondoka saa ngapi?

— Feri ikishafunga kamba, Bárður alijibu. Ni mimi dereva.

— Kaa, mwalimu, kaa! Marjun alimsogezea kreti. Kahawa imebaki kidogo. Tunaamua maisha ya huyu bwana.

Wakamweleza, wote kwa mara moja, kila mmoja akisahihisha mwenzake, mpaka mwalimu akayajua yote: basi, zimamoto, kwaya, kondoo, ngoma, boti, na sharti la mzee. Beinta alisikiliza huku akipuliza kahawa. Alikuwa na namna ya watu wanaofundisha watoto wadogo, hakuwa na haraka ya kuonekana ameelewa.

— Naweza kuuliza kitu kimoja? alisema. Katika hizo zote, ipi ulianza bila kuombwa na mtu?

Bárður akafungua mdomo.

Basi: mwenyekiti wa kijiji alimwomba, dereva wa zamani alipovunjika nyonga. Zimamoto: kaka yake. Kondoo: jirani mmoja mmoja. Kwaya: mke wa mchungaji alikuja mpaka kwenye zizi kumwomba, amevaa viatu vyeupe. Tenzi: bibi yake alimkalisha jikoni baridi nzima akamtilia beti kichwani moja moja, kama mtu anayelisha mwana-kondoo. Boti: Hanus alimwita ndani, njoo ushike ubao huu, na yeye akaushika.

Akafunga mdomo.

— Swali jepesi hilo, Rais alisema. Mimi kwa mfano...

— Urais tu ndio hatukukuomba, Marjun alimwambia, lakini hakulisema kwa nguvu, maana naye alikuwa amegeuka kulitazama duka lililokuwa la mama yake. Sámal Injini alikuwa anafikiri, na alipofikiri alisogeza midomo. Baba yake ndiye aliyempeleka melini, amemshika mkono. Mzee Hanus alikuwa amekiinamia kikombe.

Beinta akaona amewatia kimya watu wazima wanne na mzee mmoja, uso ukamwiva.

— Samahanini. Ni swali tu. Huwa nawauliza watoto.

— Na wao wanajibu? Sámal aliuliza, kwa dhati kabisa.

— Wao ndiyo, mara moja.

Marjun akainua chupa kumwongezea mzee, akaiinamisha, akaitikisa. Yalitoka matone mawili na chicha.

— Imekwisha, alisema.

Feri ilikuwa tayari imeshaingia gatini, na watu waliovaa makoti ya mvua walikuwa wanashuka. Bárður akasimama kwenda kuwasha basi.

Mzee Hanus alikaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva. Mwalimu alikaa katikati, na abiria wa feri wakajaza nyuma, wamechoka, wananukia chumvi na mafuta ya meli. Basi likapanda kilima. Barabara ile Bárður aliijua kwa mikono, kwa hiyo kichwa kilikuwa huru, na swali la yule mwanamke lilikuwa limekaa ndani yake kama abiria mwingine.

Hanus alimwita ndani, ndiyo. Lakini ukiitwa uingie ndani maana yake ulikuwa nje. Alikuwa bado mvulana wa shule. Ilikuwa mvua ya mawe. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa karakana, kofia imelowa, na hapakuwa na mtu aliyemtuma Nesvík siku ile. Hakuwa na ndugu Nesvík. Alikuwa amevuka kilima chote kile kwa miguu yake, peke yake, kwa sababu upepo siku moja ulileta sauti ya mtu anayepiga randa, na aliposikia alitaka tu kwenda kuona ni kitu gani kinachotoa sauti ile. Alisimama pale muda mrefu kabla mzee hajamwona. Na siku ya pili akaja tena akasimama.

Walipofika juu, pale Nesvík inapoonekana chini na bahari yake, alimtazama mzee kwenye kioo.

— Mzee.

— Naam.

— Jumatatu.

— Jumatatu kuna nini?

— Nakuja. Asubuhi. Nakaa mpaka jioni.

Basi likapita kona mbili. Mikono ya Hanus ilikuwa imelala juu ya magoti ikitetemeka yenyewe, kama vile si yake.

— Watampata dereva? aliuliza hatimaye.

— Watampata. Wataanza na Rais, watamjutia, watampata mwingine.

— Na ngoma?

Bárður alibadilisha gia. Alitaka kusema kuna vijana wawili watatu wanazijua beti kidogo, ataanza kuwafundisha kabla ya Krismasi. Alijua wanazijua za mwanzo tu. Hakusema.

— Nitakuwa nakuja kufungua saa moja, Hanus alisema. Ukikuta nimelala, bisha kwa nguvu.

Chini ya kilima, kwenye kituo cha daraja, mama Elspa alikuwa anasubiri na mifuko yake miwili, kama kila Jumanne. Bárður akasimamisha basi, akashuka mwenyewe kumpokea mifuko, akampa mkono. Mama Elspa aliimba sauti ya pili kwenye kwaya na alikuwa hajakosa mazoezi tangu afe mumewe.

— Asante, mwanangu. Aliketi, akavua kitambaa cha mvua, akapangusa uso. Alhamisi ipo?

— Ipo, mama.

— Ule wimbo mpya tunauanza?

Bárður alikuwa amesimama kwenye ngazi ya basi, mkono kwenye mlango. Mvua ilikuwa imeanza tena kunyesha mgongoni mwake. Wimbo ule alikuwa ameuchagua yeye, na ulikuwa na mahali ambapo sauti ya pili inabaki peke yake, nyingine zote zimenyamaza, na alikuwa ameuchagua kwa ajili ya mahali hapo. Alhamisi hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Jumatatu.

— Tunauanza, alisema. Wewe ndiye utakayeushika pale katikati, mama. Uje mapema nikuonyeshe.

— Nitakuja mapema.

Akapanda, akakaa kwenye usukani, akafunga mlango. Basi likaondoka taratibu kuliko desturi yake, na mtu mmoja nyuma akauliza kama kuna kondoo barabarani.